Somo: Triathloni ya Mke na Mume Hapa Malindi

Wanandoa wengi wanaoanza mazoezi ya triathloni (kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo) pamoja huharibikiwa ndani ya mwezi wa kwanza, na si kwa uchovu. Huharibikiwa kwa kasi. Mmoja hukimbia kilomita kwa dakika tano na nusu, mwenzake kwa saba na nusu. Wakienda bega kwa bega, mwepesi hafanyi zoezi lolote na mzito anajiua. Haupiti muda goti la mmoja linauma na mwingine amenuna. Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: baharini pamoja, barabarani kila mtu na mwendo wake.

Hatua ya 1: Umbali

Anzeni na sprinti, yaani masafa mafupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Masafa ya Olimpiki ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Hayo yasubiri mwaka wa pili. Kabla ya kuhesabu wiki 12 za mazoezi, kila mmoja awe anaweza kuogelea mita 200 bila kusimama, kuendesha baiskeli dakika 45 na kukimbia dakika 20. Asiyeweza kuogelea aanze na kuogelea peke yake kwanza, mengine yatakuja.

Hatua ya 2: Kusoma maji

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hupanga kuogelea kwa saa ya ukutani na bahari haina habari na saa hiyo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji Malindi hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Ukiingia saa moja asubuhi siku hiyo unaingia katikati ya kupwa, mkondo ukiwa na nguvu zake zote, na ukitoka unatembea juu ya miamba na miiba. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa taratibu kuelekea saa nne asubuhi.

Basi wiki ya maji mafu ogeleeni asubuhi, na wiki ya bamvua ogeleeni alasiri, kuanzia saa kumi, maji yanapomalizia kujaa. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linatosha; tofauti na Malindi ni ya dakika chache. Au mwulizeni mvuvi yeyote pale ufuoni, atawajibu bila kuangalia popote.

Upepo nao. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia zaidi, lakini ndio msimu ambao tope la Mto Sabaki husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi, hasa baada ya mvua za vuli. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa msiingie: hamtaonana, na mwenye mashua hatawaona. Kusi likishika, tope huelekea kaskazini, ila mawimbi ni makubwa. Mdomo wenyewe wa Sabaki uacheni kabisa, una mamba na viboko.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni ghuba ya Silversands, kusini ya nguzo ya Vasco da Gama. Mkisogea hadi ndani ya Hifadhi ya Bahari upande wa Casuarina, mtalipa kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori.

Hatua ya 3: Kuogelea pamoja

Tengenezeni alama mbili. Chukueni jerikeni mbili tupu za lita 20, mzibe vifuniko vizuri, kila moja mfunge kwenye gunia la mchanga la kilo 15 hivi. Kamba iwe mara moja na nusu ya kina cha maji yakijaa. Ikiwa fupi, bamvua litainua gunia na alama itasafiri. Ziwekeni umbali wa mita 125, sambamba na ufuo, mahali ambapo maji ni ya kifua. Kwenda na kurudi mara tatu ni mita 750.

Mzito aogelee upande wa ufuo, mwepesi upande wa bahari kuu. Mwepesi akitangulia kama mita 25, hugeuka, humrudia mwenzake, kisha huendelea. Yeye atapata mita zake nyingi zaidi na mwenzake hatabaki peke yake hata dakika moja. Kila mmoja avute boya lake la rangi ya chungwa lililofungwa kiunoni. Kubalianeni ishara mbili: mkono ulionyooshwa juu ni "njoo", kiganja juu ya kichwa ni "niko sawa". Anzeni kila siku kwa kuupinga mkondo, ili mkichoka uwarudishe. Mkondo ukiwavuta nje msishindane nao. Ogeleeni sambamba na ufuo hadi uwaachie.

Kila mikono minane inua macho tu, kama mamba, uitafute alama. Ukiinua kichwa kizima, miguu huzama na kasi hufa.

Hatua ya 4: Geukeni kwa saa, si kwa kilomita

Hii ndiyo siri ya baiskeli na mbio kwa wawili wasiolingana. Anzeni mahali pamoja, dakika moja. Wekeni saa dakika 35. Ikilia, kila mmoja ageuke papo hapo alipofika. Mwepesi atakuwa mbali zaidi, kwa hiyo ana njia ndefu ya kurudi, na kila mmoja akishika mwendo wake mtafika nyumbani karibu pamoja. Hakuna aliyemsubiri mwenzake wala aliyeburutwa.

Faida ya pili: wakati wa kurudi mwepesi yuko nyuma. Mwenzake akipata pancha, atamkuta njiani. Lakini pancha ikimpata mwepesi mwenyewe, aliye mbele hatajua. Kwa hiyo kila mmoja abebe tyubu yake, pampu, vijiti viwili vya kung'olea tairi na simu. Na aliyefika kwanza akisubiri dakika 15, apige.

Njia ya Casuarina kuelekea Mayungu ina magari machache kuliko barabara kuu ya Mombasa. Mkilazimika kwenda upande wa Gede, ondokeni alfajiri mara tu kunapopambazuka, mwende mmoja nyuma ya mwingine kushoto, mkiwa na taa nyekundu nyuma. Njia za mchanga za kando msizipende sana, zina mbigili.

Baiskeli ya gia ya mtumba inatosha. Matairi mapana ya inchi 26 yajazwe presha ya psi 45 hadi 55; yakiwa laini kama ya kupita mchangani, mtapiga kilomita 20 kama mnaburuta mkokoteni. Urefu wa kiti: weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, ukikanyaga kwa kidole goti litabaki na mkunjo kidogo. Kiti kikiwa chini, goti huuma mbele. Kikiwa juu, huuma nyuma. Na kila mkitoka karibu na bahari, futeni mnyororo kwa kitambaa cha maji yasiyo ya chumvi, ukaushwe, utiwe mafuta tone moja kila pingili. Chumvi ikilala usiku mmoja, asubuhi mnyororo ni mwekundu.

Hatua ya 5: Wiki 12

Wiki ya 1 hadi ya 4: kuogelea mara mbili (mita 50 mara nane, mapumziko sekunde 30), baiskeli mara mbili (dakika 45 na 60), mbio mara mbili za dakika 25, mwendo wa kuweza kuzungumza sentensi nzima. Wiki ya 5 hadi ya 8: kuogelea mita 250 mara tatu, baiskeli hadi dakika 75, mbio dakika 35. Jumamosi ni zoezi la kuunganisha: baiskeli dakika 40, shuka, kimbia dakika 10 papo hapo. Mara ya kwanza miguu itakuwa kama ya kukopa. Ni kawaida, misuli imezoea kuzunguka na sasa inatakiwa kubeba mwili. Punguzeni hatua, ziwe fupi na za haraka, baada ya dakika tano hali hurudi. Wiki ya 9 hadi ya 11: mita 900 mfululizo, na kilomita 20 za baiskeli zikifuatwa na 3 za mbio. Wiki ya 4 na ya 8 punguzeni theluthi. Wiki ya 12 fanyeni nusu tu.

Wenye watoto wadogo: mazoezi ya bahari tafuteni mtu wa kuwaangalia, mara mbili kwa wiki. Ya barabarani gawaneni zamu, mmoja alfajiri, mwingine jioni.

Hatua ya 6: Kubadilisha

Ukitoka majini kwenda kwenye baiskeli, shindano la ufuoni huvurugwa na mchanga. Tandikeni leso chini ya baiskeli. Juu ya usukani wekeni helmeti ikiwa imepinduliwa, kamba zimefunguliwa, miwani ndani. Juu ya leso: viatu vimelegezwa, soksi zimekunjwa hadi nusu, dumu la maji la lita mbili. Ukitoka baharini, mimina maji kati ya vidole, kausha kwa pindo la leso, kidole kimoja kimoja, ndipo uvae. Zile sekunde 20 zitakuokoa na malengelenge kwenye kilomita ya tatu ya mbio. Funga helmeti kabla ya kugusa baiskeli. Ukiiondoa mahali pake kabla ya kuifunga waamuzi wanakuadhibu. Mafuta ya mgando pakeni shingoni, kwapani na mapajani tangu asubuhi, chumvi hukwaruza.

Hatua ya 7: Kula na kunywa

Saa mbili kabla: uji mwepesi na ndizi, au tende tano na chai. Mahamri kwa mbaazi za nazi ni chakula cha baada; mafuta na nazi hukaa tumboni, na wimbi la kwanza litavirudisha. Njiani, nusu lita hadi lita kasoro robo kwa saa, kwa mafunda. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, tieni chembe. Bila dafu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msijaze tumbo maji matupu kwa kuogopa jua, hupunguza chumvi mwilini na kichwa huanza kuzunguka.

Maswali ya wanachama

*Swali (Mambrui): Mume wangu ameogelea tangu utotoni. Mimi kwenye maji ya kifua niko sawa, nisipoiona chini moyo unakwenda mbio. Nifanyeje?*

Dada, usipelekwe kwenye kina kwa kushtukizwa, hata kwa mapenzi. Wiki mbili za mwanzo jifunze kulala chali na kuelea dakika mbili bila kushikwa. Hilo ndilo breki lako: pumzi ikikatika, geuka chali, toa pumzi polepole mara kumi, kisha endelea. Halafu alama zisogezwe kina kwa hatua, nusu mita kwa wiki. Siku ya shindano simama pembeni nyuma ya kundi, uanze sekunde kumi baada yao. Hofu ya mita 100 za kwanza mara nyingi hutoka na kuanza kwa pupa.

*Swali (Watamu): Naweza kujificha nyuma ya baiskeli ya mume wangu anikingie upepo?*

Kwenye mazoezi, ndiyo. Kwenye shindano, hapana. Mashindano mengi ya wasio wa kulipwa hukataza kabisa: katika sprinti na Olimpiki acha mita 10. Na hata pale panaporuhusiwa, kanuni za shirikisho la dunia hukataza mwanamke kufuata kivuli cha mwanamume, na kinyume chake. Mnachoruhusiwa ni kupeana maji, chakula, pampu na tyubu. Msipeane viatu, helmeti wala gurudumu, yaani kitu kitakachomfanya mtoaji ashindwe kuendelea.

*Swali (Malindi mjini): Baiskeli tunayo moja tu.*

Mazoezini inawezekana. Zungushieni bomba la kiti utepe wa rangi mbili, mmoja kwa urefu wa mume, mwingine wa mke, ili msipime upya kila siku; kiti kikibaki urefu wa mwenzako ndipo magoti yanapolalamika. Mmoja akiendesha, mwingine akimbie njia ile ile kwa saa ile ile, kisha mbadilishane. Siku ya shindano ulizeni kama kuna timu za kupokezana. Mmoja aogelee na kukimbia, mwingine aendeshe.

*Swali (Lamu): Assalam alaykum. Ramadhani ikiangukia katikati ya hizo wiki 12?*

Wa alaykum salaam. Msihesabu mwezi ule kama wa kuongeza, uwe wa kushikilia. Mbio za pole za dakika 25 hadi 30, zimalizike karibu na adhana ya magharibi ili mfungue papo hapo. Baiskeli baada ya tarawehe, yenye taa, au ndani kwa kuiinua gurudumu la nyuma. Bahari pumzikeni, kuogelea na koo kavu mchana hakufai, na usiku hakuingiliki. Kisha ongezeni wiki tatu mwishoni.

*Swali (Malindi): Nguo ya stara ya kuogelea huniburuta. Nimekosea wapi?*

Huenda ni kitambaa. Pamba hunywa maji na kuwa mzigo. Tafuta nailoni au polista ya kunyumbuka, ibane kifundoni na kwenye mikono, na sketi ya juu iishie pajani. Ijaze maji mara moja kabla ya siku: ukisimama ikawa bado inachuruzika baada ya dakika moja, ni nzito. Waandikie waandaaji mapema kuhusu vazi. Nguo nene za kuzuia baridi hazihitajiki hapa. Bahari yetu huwa juu ya nyuzi 24, na kwa umbali huu kanuni huzikataza maji yakipita 22.

*Swali (Mayungu): Yavuyavu akikuchoma katikati ya maji?*

Toka, mwenzako akiwa kando yako. Osha kwa maji ya bahari, si ya bomba. Maji ya bomba yasiyo ya chumvi hupasua vifuko vya sumu vilivyobaki. Nyuzi zitoe kwa kibano, usisugue mchanga. Kisha maji ya moto unayoyavumilia, dakika 20 hadi 40. Pumzi ikibana, uso ukivimba au moyo ukienda ovyo, msisubiri dakika hizo: pandeni tuktuk hospitali.