Kufuma krosheti kwa paterni za zamani

Wifi yangu alifuma kitambaa cha duara kutoka kijitabu cha zamani, kikajikunja kama bakuli. Nilipomwelekeza nikaona bora niandike, maana swali hili la jinsi ya kufuata paterni (maelezo ya kufuma) za zamani naulizwa sana.

1. Tafuta paterni. Mtandaoni, tovuti ya Antique Pattern Library wanazo nyingi za bure, na Internet Archive vilevile. Zilizochapishwa Marekani kabla ya 1930 hazibanwi tena na hakimiliki ya huko.

2. Toa kopi, ufumie hiyo. Kijitabu chenyewe usikitie selotepu hata kikichanika. Gundi yake hugeuka kahawia na kuharibu karatasi.

3. Jua ni ya Uingereza au ya Marekani. Usiguse uzi kabla ya hapa, maana vifupisho ni vilevile ila maana zinatofautiana. "dc" (double crochet) ya Mwingereza ni fundo fupi: unachoma, unavuta uzi, unamalizia. "dc" ya Mmarekani ni nguzo: unazungusha uzi mara moja kwenye kulabu ndipo unachoma. Nguzo hiyohiyo Mwingereza anaiandika "tr" (treble). Wifi alipiga nguzo mahali pa mafundo mafupi. Mizunguko ikawa mirefu, mafundo hayakutosha kuzunguka, kitambaa kikainuka kingo.

Ukiona "sc", mara nyingi ni Marekani. Ila vitabu vya Uingereza vya karne ya 19 navyo vina "single crochet", na humo ni fundo la kuteleza tu. Panaposema ruka fundo, "miss" ni Uingereza, "skip" ni Marekani. Bei ya jaladani, peni au senti, inasaidia. Jina la kampuni ya uzi usilitegemee: J. & P. Coats ni ya Paisley, Uskoti, lakini ilikuwa na viwanda Pawtucket, Marekani.

Mimi naamini minyororo ya kuanzia mstari. Mitatu halafu "tr", ni Uingereza. Mitatu halafu "dc", ni Marekani. Minne halafu "tr", Marekani tena, kwa kuwa "tr" yao ni nguzo ndefu zaidi. Mstari ukianza na mitano au zaidi, huenda umehesabiwa pamoja na tundu la lesi, kwa hiyo tafuta mstari uliojaa nguzo tupu ndio upimie. Bado una shaka? Fuma mizunguko minne na uilaze mezani. Ikilala bapa, endelea.

4. Uzi na kulabu. Pamba, basi, akriliki kwenye lesi hainiingii akilini. Namba ya uzi ikipanda uzi unakuwa mwembamba, kwa hiyo 60 ni mwembamba kuliko 20. Namba za kulabu za zamani achana nazo, fuma kipande upime kwa rula.

5. Michoro ya vyumba, yaani viboksi, ile ya maua na ndege kwenye vitambaa vya makochi. Hii haina lugha, ndiyo maana naipenda kuliko zote. Chumba kitupu ni nguzo, minyororo miwili, nguzo. Kilichojaa, minyororo hiyo inakuwa nguzo mbili. Kupata minyororo ya kuanzia, zidisha vyumba vya mstari kwa 3. Chumba cha kwanza kikiwa kimejaa ongeza 3, uchome mnyororo wa 4 kutoka kwenye kulabu. Kikiwa kitupu ongeza 5, uchome wa 8. Vyumba 40 basi ni minyororo 123 au 125.