Kumtembelea ndugu Entebbe: panga safari kuanzia siku ya meli

Ukimuuliza kaka au dada anayeishi Entebbe, Uganda, mje lini na mfanye nini, jibu ni lile lile: "Njooni tu, tutajua huku huku." Kwa kukaa sebuleni na kupiga soga, jibu hilo linatosha. Kwa kwenda ziwani halitoshi. Meli ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, hufika Lutoboka katika Bugala, kimojawapo cha visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, baada ya safari ya saa tatu na nusu hivi, na hugeuza saa mbili asubuhi ya siku inayofuata. Hakuna kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ukilala usiku mmoja, umefika jua likizama na umeondoka chai haijapoa. Visiwa vya Ssese vinataka usiku mbili, basi.

Kwa hiyo anza na tarehe ya meli, kisha uhesabu kurudi nyuma. Mwenyeji anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa aombe ruhusa ya Ijumaa mchana, mrudi Jumapili. Wewe uwe umefika Entebbe Jumatano au mapema, upumzike uchovu wa basi, ubadilishe fedha na kusajili laini. Siku moja kabla, ndugu apige simu au apite Nakiwogo kuuliza kama meli inatembea, maana husimamishwa kwa matengenezo. Ikiwa imesimama, njia ya pili ni barabara: Kampala hadi Masaka, kisha Bukakata, ambako kivuko cha bure cha magari huvusha hadi Luku kwenye kisiwa kile kile cha Bugala. Ni mzunguko mrefu, lakini unafika. Mtumbwi wa mbao kutoka mialo ya wavuvi usiuhesabu kuwa njia ya tatu.

Karatasi za mpakani

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo huwakwamisha wengi, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa juzi na kusafiri leo, kadi yako bado. Ukishaipata, inatumika maisha yako yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Ukija na gari lako, utasikia pia habari za "kadi ya njano" ya COMESA. Hiyo ni bima ya gari, haihusiani na chanjo. Watu hupanga foleni wakiwa na moja, wakidhani ndiyo ile nyingine.

Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Hata kwa Mkenya, pasipoti inarahisisha mambo, hasa kusajili laini ya simu. Mtoto aje na hati yake ya kusafiria, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na barua ya mzazi asiyesafiri naye.

Busia, Malaba na Mutukula ni vituo vya pamoja: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Basi la usiku likifika, shuka na begi lenye hati na fedha, usiliache kitini. Kabla ya kuondoka dirishani, soma muhuri wako uone umepewa siku ngapi. Kosa likigundulika pale pale hurekebishwa kwa dakika mbili. Likigundulika siku ya kurudi, ni faini na maelezo marefu.

Fedha, saa na lugha

Badilisha mpakani kiasi cha kukufikisha tu. Shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya 20 za Uganda, na mgeni aliyechoka huchanganywa na sifuri: noti ya 5,000 na ya 50,000 zinatofautiana kwa sifuri moja, nawe umeshika bahasha gizani. Hesabu mwenyewe, noti moja moja, kabla ya kutoa zako. Njia nyepesi zaidi ni kumtumia ndugu fedha kwenye simu kabla ya safari. Ila kumbuka kwamba kutoa fedha kwenye simu Uganda kuna ada ya wakala na juu yake kodi ya asilimia 0.5. Fedha za kisiwani zitolewe Entebbe, kwani kule usitegemee kupata mashine ya benki kila unapogeuka.

Saa za Kiganda zinahesabiwa kama zetu: ssaawa bbiri ni saa mbili asubuhi. Tatizo huja mnapozungumza Kiingereza, ambapo "two" ni saa nane. Mkikubaliana muda na dereva au mwenye mtumbwi, taja na wakati wa siku: asubuhi, mchana, jioni.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya katiba ya 2005, lakini usidhani kila mtu wa Entebbe atakujibu. Mipakani, mashariki na kaskazini kinapita vizuri. Katikati ya Buganda, wazee wengi wanakihusisha na wanajeshi wa tawala za zamani, na mtu akianza kwa Kiswahili kikali anaonekana anaamrisha. Anza na "Ssebo" kwa mwanaume au "Nnyabo" kwa mwanamke, salimia "Oli otya?", shukuru kwa "Webale". Baada ya hapo hata Kiswahili kinapokelewa. Ikiwa ndugu ameoa au kuolewa kwa Waganda, utaona wanawake na watoto wakipiga magoti kusalimia wakubwa. Ni heshima, usikimbilie kuwanyanyua. Kwenda kwa wakwe kijijini, beba sukari, sabuni na mkate.

Na usafiri: kinachoitwa "takisi" hapa ni matatu au daladala yako ya nyumbani. Gari dogo la kukodi peke yako ni "speshali".

Ziwa si bahari

Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja akiona mchanga na mawimbi ya Entebbe, mwili unamwambia yuko nyumbani. Hapo ndipo penye hatari. Ziwa Victoria halina maji kupwa na kujaa ya kukupangia siku, na maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya bahari. Aliyezoea kuelea baharini bila jitihada atajikuta anazama zaidi na anachoka mapema. Dhoruba nazo huja ghafla. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar, iliyokuwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na mwambao wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa bila kufika mbali na nchi kavu.

Kwa hiyo jaketi la kuokolea ulikague kabla ya kukaa, chombo kikiwa bado kimefungwa. Libonyeze kwa vidole: povu zuri linarudi juu, lililochoka linabaki na shimo au linatoa maji. Funga kila kifungo na uvute kamba kwa nguvu. Kisha mwambie ndugu akamate jaketi kwenye mabega na alinyanyue. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako, na majini litavuka kichwa likuache chini. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Lisilo na mkanda huo, mtoto atachomoka. Jaketi ni la kuvaliwa, halifai kitu likiwa mto wa kukalia. Kama hayatoshi watu wote, shukeni. Nahodha atakasirika, mwacheni akasirike.

La pili ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya ukingoni, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa kwenye maji tulivu jua likiwa kali. Usiogelee penye matete wala karibu na mwalo wa wavuvi, na usiamini kujipangusa kwa taulo. Kisiwani, kama nyumba ya wageni inachota maji ya kuoga ziwani, uliza kama yamekaa kwenye tangi siku mbili au yamechemshwa, kwani vijidudu hivyo haviishi muda mrefu nje ya konokono. Ukiwa umeingia ziwani, pima wiki 6 hadi 8 baadaye hata kama hujisikii vibaya. Ukipima siku ya kurudi, hakuna kitakachoonekana. Dawa ni prazikwanteli, na inatibu vizuri.

Malaria ni kali kuliko anayetoka Nairobi au Unguja alivyozoea. Chukua neti, na ukipata homa yoyote baada ya safari, mwambie daktari ulikuwa Uganda na uliingia ziwani. Mengine ya kubeba ni madogo: tochi, na sweta, kwa sababu uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya bahari na upepo wa meli jioni unamtetemesha mtu wa pwani.

Ndege wa Mabamba

Ukiwa na asubuhi moja tu, iwe hii. Kinamasi cha Mabamba kinafikiwa kutoka Entebbe kwa kuvuka Nakiwogo hadi Buwaya kwa kivuko, kisha bodaboda kupitia Kasanje. Uondoke alfajiri. Mnapanda mtumbwi mwembamba, watu watatu na mwongozaji, mkipita kwenye mifereji katikati ya mafunjo kumtafuta korongo nyangumi: ndege wa kijivu, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, domo pana kama mtalawanda. Husimama bila kutikisika kwa muda mrefu, kisha huanguka mzima mzima juu ya samaki. Usisimame ukapiga picha, mtumbwi utapinduka. Chakula chake kikuu pale ni kamongo, ambaye Waganda humwita mmamba. Mwongozaji akisema kuna mmamba chini ya mtumbwi, usiruke: hazungumzii mamba wako.

Jinja, kilomita 80 mashariki ya Kampala, ni kwa wanaotaka maji ya kasi. Ukirudi Kenya kwa basi iko njiani, hivyo iweke mwisho.

Siku ya kurudi

Samaki wa kubeba ni wa kukaushwa kwa moshi. Angalia ukubwa: sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 28 hawaruhusiwi, na ukaguzi barabarani upo. Muuzaji atakufungia kwenye mfuko wa plastiki, kaveera. Mkatalie. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania 2019, na mpakani utaambiwa umwage mzigo. Funga samaki kwa magazeti makavu tabaka tatu, uweke kwenye kikapu kinachopitisha hewa, na kikapu ukiweke juu ya mizigo mingine, mbali na injini.