Kulea Watoto Sita Bila Kukimbizana

Kinachoichosha familia kubwa kuliko kitu kingine ni mambo mengi kukutana kwa wakati mmoja. Watatu wanagombea bafu, mmoja anatafuta kiatu cha kushoto, mchanga analilia ziwa, na sufuria inafurika jikoni. Kila jambo hapo ni dogo. Yakipishana kwa robo saa tu, nyumba hiyo hiyo inatulia. Kazi ya mzazi anayetaka mwendo wa taratibu ni kuyapisha mambo hayo, na hapa tunaeleza namna. Hesabu ni za watu 8: wazazi wawili na watoto sita. Kwenu mkiwa zaidi, badilisheni tarakimu.

Anza kwa kutazama. Kwa siku tatu bandika karatasi ukutani, na kila mtu anapomsubiri mwenzake, au kitu kinapotafutwa zaidi ya dakika mbili, andika saa, mahali na kilichotokea. Usirekebishe chochote kwanza. Siku ya nne utaona sehemu tatu au nne zinazojirudia. Shughulikia ile inayotokea mapema zaidi katika siku, kwa sababu ucheleweshaji wa asubuhi husukuma kila kinachofuata. Ipe wiki mbili kabla ya kugusa ya pili. Wengi hukosea kwa kuandika ratiba ya siku nzima, saa kwa saa, kisha mtoto mmoja anapata homa siku ya tatu na ratiba yote inaachwa.

Asubuhi

Bafu ndilo hukwama kwanza. Watu 8 wakitumia dakika 7 kila mmoja ni dakika 56. Kama mnatakiwa kutoka saa 1:15 asubuhi, wa kwanza anapaswa kuingia kabla ya saa 12:20, na hapo hakuna aliyechelewa hata kidogo. Waogeshe watoto wanne wadogo jioni, na bafu la asubuhi linabaki na watu wanne, dakika 28. Kuchana nywele, kupaka mafuta na kuvaa vifanyike nje ya bafu. Mswaki unaweza kupigwa kwenye beseni au sinki jingine. Bafuni kibaki kile tu kisichoweza kufanyika kwingine.

Viatu, soksi, mikoba na sare vipangwe usiku, kabla ya chakula cha jioni na si baada yake. Baada ya kula wadogo wanasinzia, wakubwa wana kazi za shule, na kila mtu anaahidi kufanya kesho. Kila jozi ya viatu ikae sakafuni karibu na mlango, na mwenye viatu aione kwa macho yake.

Kwa watoto wadogo tumia mfuatano badala ya saa. Mtoto wa miaka minne hajui saa 12:40, lakini anajua kwamba baada ya kuvaa ni kula, na baada ya kula ni mswaki. Chora picha nne tu, uzibandike usawa wa macho yake. Zikiwa kumi hatazitazama. Kisha acha dakika 15 tupu kabla ya kutoka. Usizijaze. Ukianza kuosha vyombo ndani ya dakika hizo zinatoweka, na siku mtoto anapomwagia maji sare yake hamna pa kukimbilia.

Nguo

Hapa ndipo familia kubwa hupoteza nguvu nyingi, kwa hiyo tulia napo.

Watu 8 wakichafua nguo tatu kwa siku ni nguo 24. Kwa wiki ni 168, kabla ya mashuka na taulo. Nguo moja ikianikwa vizuri huchukua wastani wa nusu mita ya kamba, kwa hiyo anayefua zote Jumamosi anahitaji kamba ya mita 84. Hana. Anarundika nguo juu ya nguo, hazikauki, zinapata harufu ya uvundo na kurudi kwenye beseni. Bandubandu huisha gogo: fua kidogo kila siku.

Njia bora kuliko zote ni kufua kwa mtu badala ya kufua kwa rangi. Wazazi wawili siku moja, watoto wawili wa mwisho siku moja, wanne waliobaki kila mmoja na siku yake. Siku ya saba hakifuliwi kitu. Kila mtu ana kapu lake, na nguo zikianuliwa zote ni za mtu mmoja au wawili, kwa hiyo ile saa ya kuchambua hii ni ya nani haipo tena. Siku yenye nguo nyingi zaidi itakuwa na nguo 42, yaani mita 21 za kamba. Mashuka ya mhusika yaingie kwenye siku yake kila baada ya wiki mbili.

Mpango huu una masharti matatu. Kila mtu awe na nguo za ndani 9, saba za wiki na mbili za akiba mvua ikizuia kuanika. Nguo mpya yenye rangi kali ioshwe peke yake mara tatu za mwanzo, kwa kuwa hapo ndipo huchuja. Na nguo yenye mkojo, kinyesi au matapishi isisubiri siku ya mwenyewe. Isuuzwe na kufuliwa siku hiyo hiyo.

Watoto wanaopokezana nguo watie alama ya nukta kwenye lebo kwa kalamu ya wino usiofutika. Kifungua mimba nukta moja, wa pili nukta mbili, wa tatu tatu. Nguo ikishuka kwa anayefuata unaongeza nukta moja, hufuti kitu. Ukiandika majina utayafuta mara tano.

Nguo zinazosubiri mwili kukua ziwekwe kwenye masanduku kwa saizi, siyo kwa jina la mtoto. Sanduku moja kwa kila saizi, na likijaa, kinachoingia kimtoe kingine. Nguo iliyochakaa magotini au kolani usiihifadhi: ikimfikia mtoto wa tano itakuwa tambara, na wewe utakuwa umeitunza miaka mitatu bure. Viatu vilivyovaliwa muda mrefu visirithiwe, kwani vimeshika umbo la mguu wa wa kwanza. Kiatu cha kutosha kina nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, mtoto akiwa amesimama.

Jikoni, kwa kifupi

Watu 8 wakinywa mara tano kwa siku na kila mara kuchukua kikombe kipya, ni vikombe 40 vya kuosha. Mpe kila mtu kikombe cha rangi yake na uvifungie vingine vyote. Mwenye rangi anakisuuza mwenyewe.

Sufuria isijazwe zaidi ya theluthi mbili. Ukizidisha chakula mara mbili, usizidishe chumvi na viungo mara mbili. Anza na mara moja na nusu, onja, ongeza. Kumbuka pia kwamba sufuria kubwa huchelewa kuchemka, na huo ndio muda ambao watu husahau kuuhesabu. Huchelewa vilevile kupoa, jambo ambalo ni la hatari: chakula kinachobaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi ni pazuri kwa vijidudu kuzaliana. Kigawe kwenye vyombo vifupi, kina cha sentimita 5 hivi, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kikitolewa kipashwe moto hadi kitoe mvuke kote.

Kazi za watoto

Mtoto wa miaka 2 au 3 anaweza kutia nguo chafu kapuni. Wa miaka 4 au 5 anaoanisha soksi na kupanga vijiko. Wa miaka 6 au 7 anafuta meza na kufagia. Wa 8 au 9 anaosha vyombo visivyo na makali, anaanua nguo. Kuanzia miaka 10 anapiga deki na kupika chakula rahisi mtu mzima akiwa karibu. Wavulana na wasichana wapewe kazi zilezile.

Zamu zinazobadilika kila siku huzaa ugomvi wa "leo si zamu yangu", na hakuna anayepata ujuzi. Mpe mtoto kazi moja kwa miezi miwili. Wakati wa kubadilishana, anayeondoka na anayeingia wafanye pamoja wiki moja, na anayeondoka ndiye mwalimu. Kazi mpya kabisa fundisha kwa hatua nne, kila moja siku tatu: unaifanya akikutazama, mnaifanya pamoja, anaifanya ukimtazama, unamwachia.

Usirudie kazi yake nyuma ya mgongo wake. Sahani ikibaki na mafuta, mwite, apitishe kidole juu yake, aoshe tena hiyo moja. Ukiirudia kimyakimya anajifunza kwamba kazi hiyo ni yako, na kwamba yeye hawezi.

Jambo moja tunalisisitiza kwa nguvu. Kifungua mimba, hasa akiwa msichana, hugeuzwa mama wa pili bila mtu kukusudia. Inaanza kwa "mshikie kidogo", na baada ya mwaka ndiye anayeamka usiku. Dalili zake ni hizi: wadogo wanamkimbilia yeye kwanza wakiumia, anachelewa kazi za shule, hana rafiki anayemtembelea, na akikaa bure anaonekana mwenye hatia. Wekeni kikomo: kuangalia wadogo kusizidi saa moja kwa siku, kusiwe usiku, na adhabu iwe mikononi mwa wazazi peke yao. Kuogesha wadogo pia ni kwa mtu mzima. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache, tena bila kelele, kwa hiyo anayemwogesha awe umbali wa mkono wakati wote, na ndoo na mabeseni yamwagwe mara tu baada ya matumizi.

Usingizi

Kwa saa 24, mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14, ukijumlisha wa mchana. Wa miaka 3 hadi 5, saa 10 hadi 13. Wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Ukizisoma hizo utaona kwa nini kuwalaza wote kwa wakati mmoja haifai: wakubwa hawana usingizi na wanawaamsha wadogo. Lalisheni kwa makundi mawili, yakipishana kama saa moja na nusu. Ile saa na nusu ni ya thamani. Ndiyo nafasi pekee ambayo kijana anaweza kuzungumza na mzazi bila kukatizwa.

Mtoto mchanga alale chali, kwenye sehemu yake tambarare isiyo na mito. Asilazwe kitanda kimoja na ndugu zake. Mtoto wa miaka mitano aliyelala fofofo hajui amegeukia wapi.

Mmoja akiugua

Kuhara na kutapika huzunguka familia kubwa kwa wiki nzima kama hamkuwahi. Mgonjwa apewe kikombe, taulo na ndoo yake. Mmoja tu amhudumie, naye asiwapikie wengine. Kunawa ni kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Asirudi shule hadi zipite saa 48 tangu kuhara au kutapika mara ya mwisho.

Wekeni pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, anywe anayeharisha) nyumbani, nne au zaidi, kwani mara nyingi wanaugua wawili pamoja. Zikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa uangalifu, kwa sababu chumvi ikizidi ni hatari. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto akishindwa kunywa, akilegea, macho yakibonyea, akikaa muda mrefu bila kukojoa au kinyesi kikiwa na damu, mpelekeni hospitali mara moja.

Shughuli za nje, na zamu ya kila mtoto

Watoto sita wakiwa na shughuli mbili mbili kwa wiki, kwenda na kurudi ni safari 24. Hakuna mpango wa nyumbani unaoweza kubeba hilo. Shughuli moja kwa mtoto kwa muhula inatosha, na wawili wakichagua ya mahali pamoja, safari mbili zinakuwa moja. Anayetaka kubadilisha amalize muhula kwanza.

Muda unaookolewa hapo uwape mmoja mmoja. Watoto sita, siku sita, dakika 15 kila siku na mzazi mmoja, mlango ukiwa umefungwa na simu ikiwa chumba kingine. Mtoto achague cha kufanya. Usiitumie nafasi hiyo kuuliza alama za mtihani wala kukemea. Akigundua ni baraza la mashitaka ataanza kuikwepa. Wa kati ndio husahaulika, maana wa kwanza hutegemewa na kitinda mimba hudai kwa kulia. Ndiyo maana zamu iandikwe kwenye kalenda ambayo wote wanaiona. Siku ikiharibika, zamu isifutwe wala isisukume za wengine: ihamie siku ya saba, ile isiyo na kufua.