Haradali: chagua mbegu, kisha jua wakati wa kutia siki

Nusa mbegu nzima ya haradali: hutasikia harufu yoyote ya ukali. Ukali huzaliwa pale mbegu inapovunjwa na kuguswa na maji, kimeng'enya (kichocheo cha asili) kilichomo ndani kikaanza kazi. Siki huzuia kazi hiyo, moto huikomesha kabisa. Karibu kila tofauti kati ya chupa moja ya haradali na nyingine inaanzia hapo.

Hatua ya 1: Chagua mbegu
Ziko za aina tatu. Za njano ni kubwa kidogo, na ukali wake huishia ulimini. Za kahawia na nyeusi ni ndogo, na ukali wake hupanda puani hadi machozi yatoke. Hizi ndogo ndizo rai ya maduka ya viungo. Nyeusi imepungua sokoni kwa kuwa maganda yake hupasuka na kumwaga mbegu shambani kabla ya kuvunwa kwa mashine.

Hatua ya 2: Saga, kisha tia maji baridi
Vijiko 4 vya mbegu zilizosagwa kwa vijiko 3 vya maji, koroga, acha dakika 10. Maji ya moto usiyatie kamwe. Utapata uji mchungu usio na nguvu.

Hatua ya 3: Siki
Tulia hapa, maana ndipo aina zinapoachana. Ukitia siki mwanzoni kabisa, haradali itakuwa ya upole. Ukitia baada ya zile dakika 10, ukali unabaki na haradali inadumu kwenye friji. Usipotia kabisa, unapata ya Kiingereza, ile ya unga inayojulikana kwa jina la Colman's, kampuni iliyoanzishwa karibu na Norwich, Uingereza, mwaka 1814. Ni kali mno lakini hufifia upesi, kwa hiyo ikoroge chakula kikiwa tayari.

Ya Dijon, Ufaransa, ni ya mbegu za kahawia au nyeusi. Mwaka 1856 Jean Naigeon aliacha siki akatumia maji ya zabibu mbichi, ndiyo maana uchachu wake ni laini. Siku hizi nyingi hutiwa mvinyo mweupe, hivyo asiyetumia kileo asome lebo kwanza. Ya Kimarekani ni mbegu za njano na siki nyingi. Rangi yake ya kung'aa inatokana na bizari ya manjano.

Hatua ya 4: Pikia
Kwenye rojo la krimu, tia haradali ukishaepua sufuria. Kwenye saladi, kijiko kidogo cha Dijon hushikanisha limau na mafuta yasitengane haraka. Kuku wa kuoka mpake tu kwa wingi: ukali utaondoka, ladha itabaki, na mimi naipenda hivyo kuliko nyingine zote.

Hatua ya 5: Rai nzima
Pasha mafuta, tia rai, funika. Zikianza kurukaruka, mimina juu ya dengu mara moja, kwani zikiungua huwa chungu. Hapa utapata ladha inayokaribia ya karanga, bila ukali.

Achari ya embe ni kinyume chake. Ponda rai mbichi, changanya na chumvi, pilipili na embe bichi, na mafuta uliyoyapasha yaache yapoe kabisa kabla ya kuyamimina.