Jinsi ya kulinganisha vitanda vya hospitali mkoa kwa mkoa wakati wa janga

Mtu akikwambia mkoa fulani una vitanda 2,000 afu akaishia hapo, bado hajakwambia kitu. Gawa kwanza kwa watu. Vitanda 2,000 kwa watu milioni 4 ni nusu kitanda kwa kila watu 1,000, wakati kamkoa kadogo kenye vitanda 600 na watu laki 5 kanapata 1.2, yaani kanauzidi zaidi ya mara mbili.

Halafu tenganisha vya kawaida na vya ICU, yaani vya wagonjwa mahututi, hapa ndo wengi wanapotea. Japani ina vitanda kama 13 kwa watu 1,000, wachache sana duniani wanaikaribia, lakini vya ICU ni vichache na korona ikaitesa kweli. Ujerumani ilikuwa navyo vya kutosha mpaka 2020 ikawa inapokea wagonjwa mahututi kutoka Italia na Ufaransa.

Sasa uliza vilivyo wazi leo, na mgonjwa analala siku ngapi, tafadhali usiliruke hili. Tuseme ICU ina vitanda 300 na 270 vimejaa, unaona 30 vimebaki unapumua, kumbe wakiingia wapya 10 kila siku na kila mmoja akilala siku 14 mkoa unahitaji vitanda 140 kwa ajili yao tu, ina maana kama hao 270 hawatoki haraka, siku ya nne mtu anafika hana pa kulazwa. Hesabu hiyo ifanyeni mapema jamani, maana ikishafika siku ya nne hamna cha kupanga tena.

Kitanda bila nesi na oksijeni ni godoro tu. London Aprili 2020 walifungua hospitali ya dharura ya Nightingale ndani ya ukumbi wa maonyesho wa ExCeL, imepangiwa maelfu ya vitanda, wakatibiwa watu wachache mno na uhaba wa manesi wa ICU ulichangia. Kwa hiyo ukiomba takwimu, omba vitanda vyenye wahudumu.

Mipaka nayo inadanganya, hospitali kubwa ya rufaa inabeba na mikoa jirani, afu wagonjwa wanahamishika: Machi 2020 Ufaransa iliwapakia kwenye treni za kasi za TGV kutoka mashariki kulikofurika kwenda magharibi. Angalia basi na umbali, na kama ambulensi zenye oksijeni zipo.

Na kila namba andika tarehe na saa yake, ya juzi usiilinganishe na ya leo.