Jadilini wazo kabla ya kuuliza ni la nani

Wenye vikundi vya dagaa hapa Mwanza, jaribuni hili kwenye kikao: kila mtu aandike pendekezo lake kwenye karatasi bila jina, katibu akusanye na kuyasoma. Asiyeandika amnong'oneze katibu. Mjadala kwanza, jina baadaye. Kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani kuna faida ile ile, awe amesema tajiri wa mitumbwi au mama mwanikaji: hewa inapita chini, dagaa wanakauka upesi na hawashiki mchanga. Lakini wazo likitoka kwa mama, kimya. Akilirudia mwenye mtumbwi, makofi! Inaniuma, maana akina mama ndio wanaoshinda juani na hao dagaa. Mkishakubaliana, aliyelitoa aandikwe kwenye muhtasari.