Namna ya kumsaidia mgonjwa kutolea mateso yake

Kwa jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki zenye mgonjwa wa muda mrefu, iwe Iringa mjini au kigango cha mbali Makete, jambo la kwanza ni hili: thawabu ya kumtolea Mungu mateso haitoki katika maumivu yenyewe. Inatoka katika upendo ambao mgonjwa anayaunganisha nao na msalaba wa Kristo. Ndiyo maana Paulo, Wakolosai 1:24, anafurahia mateso aliyoyapata kwa ajili ya wengine.

Nendeni wawili au watatu. Chumba kikijaa watu, mgonjwa huchoka kabla sala haijaanza. Baada ya salamu ya "kamwene" na pole, mwacheni aseme yeye. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila neno, wakafanya vema. Waliharibu walipoanza kumtafutia dhambi. Kosa hilo lingalipo: "umepungukiwa imani", "tubu upone". Msiseme hivyo kamwe. Akimlalamikia Mungu msimkatishe, maana Zaburi 22 huanza kwa kilio, na Yesu aliitamka msalabani.

Kisha mwulizeni: leo ungependa kumwombea nani? Nia iwe moja, yenye jina: mjukuu aliye kwenye mtihani, jirani waliyekosana. Nia pana kama amani ya dunia humponyoka maumivu yakipanda. Asubuhi aseme, "Bwana, pokea maumivu yangu ya leo pamoja na yako, kwa ajili ya fulani." Asiyeweza kusema ashike rozari tu, inatosha kabisa.

Kutolea si kuacha tiba. Dawa za maumivu na za kufubaza virusi vya UKIMWI ziendelee kama alivyoandikiwa. Anayemshauri azitupe kwa jina la imani anahatarisha uhai wake. Baridi ya Juni na Julai mwongezeeni blanketi, wala msiache jiko la mkaa likiwaka katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua.

Mpako wa Wagonjwa, yaani sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, wengi huuchelewesha wakidhani ni wa kuagia. Sivyo: ugonjwa ukiwa mzito, mwambieni katekista amwite padre mapema, hasa masika barabara zinapoharibika. Hali ikizidi kuwa mbaya, hupakwa tena. Andaeni meza yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na glasi ya maji. Padre hupaka kipaji cha uso na mikono. Uji apewe kama kawaida: mgonjwa na anayemwuguza hawabanwi na saa moja ya kufunga kabla ya komunyo.